Betri za Damiani, Redio ya Bonifasi

Kristina hakuwahi kuipenda taarifa ya habari. Mawaziri walizindua visima, mataifa ya mbali yalipigana na kupatana, bei ya pamba ilipanda ikashuka, na yote hayo yalimpita masikioni huku akichambua mlenda. Alichokisubiri yeye ni matangazo ya vifo. Kila alasiri mtangazaji alipoanza kusoma nani amefariki, wapi, na habari ziwafikie akina nani, Kristina alisimamisha kila kitu. Hata kuku aliwafukuza kwa ishara ya mkono ili yeye mwenyewe asipige kelele. Yakimalizika bila jina la Selina kutajwa, alishusha pumzi, akaenda kuwasha moto.

"Leo mwanangu mzima," alisema.

Selina alikuwa binti yake pekee. Aliolewa Rungwa, kando ya pori la wanyama, kwa mrina asali aitwaye Melkiori, na tangu kiangazi kifua kilikuwa kinamtesa. Dereva mmoja wa lori la asali alipita Mtinko, kijijini kwa Kristina, na ujumbe kutoka kwa mkwe huyo: hali ya Selina ni ya kupanda na kushuka, mvua zikianza malori hayafiki, hivyo likitokea la kutokea atashuka Itigi alipeleke redioni kwa simu. Wasikilize tu. Basi Kristina akasikiliza, na ukimya wa redio juu ya Selina ukawa ndiyo barua yake ya kila siku.

Sasa, redio yenyewe ilikuwa ya Bonifasi, mwanawe wa kwanza, aliyeirithi kwa baba yake akaiacha ikae kwa mama. Betri zilikuwa za Damiani, mwanawe wa pili, mchuuzi wa vitunguu aliyekwenda Singida mjini kila wiki na kurudi na betri pamoja na magazeti. Zikichoka, Kristina alizianika juu ya paa la tembe kando ya mlenda, zikajikongoja siku mbili tatu zaidi. Utaratibu huo ulidumu miaka mingi na hakuna aliyeuona kuwa ni jambo la kusifia.

Halafu vikaja vyama vingi, na uchaguzi wake wa kwanza. Bonifasi alibaki na chama tawala, akavaa shati la kijani hadi likapauka mabegani. Damiani aliingia upinzani kwa kishindo, na magazeti mapya ya mjini yakawa chakula chake. Aliyasoma kwa sauti pale kwenye mashine ya kusaga, akatia na chumvi yake mwenyewe, wanawake wakasahau unga. Hadi hapo ulikuwa utani wa ndugu. Bonifasi alimwita mdogo wake "mheshimiwa wa vitunguu," wakacheka, wakala sahani moja.

Siku redio ilipotangaza kwamba ubunge umekwenda kwa mgombea wa chama tawala, Bonifasi alipiga kigelegele kama mwanamke. Damiani aliinama, akafungua mgongo wa redio, akazitoa betri moja moja na kuzitia mfukoni.

"Betri zangu haziwezi kupaza sauti ya wezi," alisema.

"Hizo kura umezihesabu wewe?" Bonifasi akafoka. "Au umehesabiwa na gazeti?"

"Gazeti limeandika masanduku yalibadilishwa njiani! Soma!"

"Gazeti linaandikwa na mtu anayetaka ulinunue. Hii ni redio ya taifa!"

"Ya taifa? Ya chama hiyo! Siku utakapoambiwa jua limetokea magharibi, utageuza mlango wa nyumba."

Bonifasi aliibeba redio yake, akaifunga kwenye kitenge na kuitia sandukuni nyumbani kwake. Akaapa hataweka betri nyingine humo mpaka aliyezitoa azirudishe kwa mikono yake mwenyewe na kuomba radhi. Watu wazima hao, wenye ndevu na watoto. Wote wawili walikuwa wameshiba haki zao, na aliyebaki na njaa ni mama yao.

Alasiri ya kwanza Kristina alijiambia ni hasira za siku moja. Ya pili alikaa, akasimama, akakaa tena. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Saa ya matangazo ilipofika alitazama pale redio ilipokuwa ikikaa, juu ya kinu kilichopinduliwa. Zamani ukimya ulikuwa na maana moja tu. Huu wa sasa haukuwa na maana yoyote, nao ndio uliomkosesha usingizi.

Alimwendea Damiani. "Baba, nipe zile betri. Nataka kumsikiliza dada yako tu, hayo mengine mtagombana wenyewe."

"Mama, redio iliyodanganya nchi nzima itakwambia ukweli wa Selina?" Damiani alilikunjua gazeti. "Tulia. Melkiori atatuma mtu. Hebu sikia walivyoandika hapa..."

Akamwendea Bonifasi. Huyo alimpokea vizuri, akampa kigoda na uji, kisha akasema, "Mwambie mwanao gazeti lake limsomee matangazo ya vifo." Wala hakuona uzito wa alichokisema. Kristina aliuacha uji ukipoa, akarudi kwake.

Redio nyingine ya karibu ilikuwa kwa Mama Petro, jirani yake wa tangu usichana, aliyekuwa akitwanga naye. Lakini Mama Petro alikuwa kiongozi wa wanawake wa chama tawala pale kijijini, na Damiani, mbele ya kadamnasi, alikuwa amemwita mla kura. Kristina alikwenda mara moja tu. Alipoingia uwanjani wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza, mmoja akajifanya anamfunga mtoto mgongoni. Alisema amepita kuomba moto. Akapewa moto, akaondoka nao bila kuuhitaji, uso ukimwaka kwa aibu.

Siku zilivyokwenda mambo yakawa mabaya zaidi. Kisimani watu walimpisha. Mzee mmoja alivua kofia alipopishana naye, akafungua kinywa, akakifunga. Kristina akaona kweli sasa siasa imewavuruga watu akili, mpaka salamu imekuwa shida. Alimlaani kimoyomoyo kila aliyeleta vyama, kisha akawalaani waliokuwepo kabla havijaja, ili asionekane kupendelea.

Jumatatu, siku ya mnada, uvumilivu ulimwishia. Alimkamata jogoo wake, akamfunga miguu, akaenda mnadani kumbadilisha kwa betri. Akishazipata, Bonifasi atake asitake atalifungua hilo sanduku. Alipatana bei na muuza duka kwa sauti kubwa, hata akacheka kidogo, maana jogoo alikuwa mnono na mwenye duka mbahili. Hakujua kwa nini watu waliokuwa karibu wamemwacha peke yake katikati, wakimtazama kama mtu aliyevua nguo.

Alikuwa anafunga betri kwenye pindo la khanga Mama Petro alipomshika mkono.

"Mama Boni, hapana. Hili limenishinda," alisema. "Tuchukie sisi, sawa. Tutukane. Lakini mtoto umemzaa mwenyewe. Unakujaje mnadani kucheka na matanga hujakaa?"

"Matanga ya nani?"

Mama Petro alimtazama. Hasira ikamtoka usoni polepole, na kilichobaki kilikuwa woga.

"Hamkusikia? Mna redio, Mama Boni. Kijiji kizima kilisikia. Tulingoja mlie tuje, hamkulia. Tukasema labda hamtutaki msibani."

Kristina hakupiga yowe. Alisema tu, "Twende nyumbani," na alitembea mbele kwa haraka hivi kwamba Mama Petro alilazimika kukimbia nyuma yake. Njiani aliita kwa Bonifasi, akaita kwa Damiani, bila kusimama. Wanawe walifika uwanjani wakihema, kila mmoja akisimama upande wake, na Damiani alipomwona Mama Petro alikunja uso.

"Huyu amefuata nini hapa?"

"Nyamaza," mama yake alisema. Alikaa chini, akanyoosha miguu. "Mwenzangu, kiseme kile kilichosomwa. Chote. Kama kilivyosomwa."

Mama Petro alijifuta macho kwa khanga. Kisha akasimama wima, kwa sababu maneno yale kila mtu anajua yanavyosemwa.

"Bwana Melkiori wa Rungwa anasikitika kutangaza kifo cha mkewe mpendwa, Selina, kilichotokea jana nyumbani. Habari zimfikie mama yake mzazi, Kristina wa Mtinko, Singida. Ziwafikie pia kaka zake, Bonifasi na Damiani, popote walipo. Maziko yatawasubiri kaka zake hadi kesho jioni."

Bonifasi alichuchumaa, akashika kichwa. Damiani alifungua kinywa kana kwamba anataka kubisha, naye alikuwa amezoea kubisha, lakini safari hii hakuwa na gazeti mkononi.

"Ilisomwa lini?" aliuliza mwishowe.

"Alhamisi."

Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wameanza kuingia uwanjani, wakivua viatu, na kilio cha kwanza kikasikika kutoka njiani. Kristina alifungua pindo la khanga. Alizitoa betri zake mpya, bado zina karatasi ya dukani, akaziweka chini katikati ya wanawe wawili.

"Rudia, Mama Petro," alisema. "Rudia pale mwisho, pale walipokuwa wanasubiriwa."