Niliulizwa Kazi Yangu kwa Wakwe Kibugu, Wiki Ileile Mteja Wangu Mkubwa Aliponiacha

Wakuu, habari za mihangaiko. Leo nawaandikia nyinyi bila invoice. Nitasema vile ilivyokuwa, chumvi sitaongeza, na Wawira amekaa hapa kando yangu kuhakikisha.

Mimi ni mtu wa Kanyakine, kule Meru. Kazi yangu ni kuandikia biashara: company profile ya kuitambulisha kampuni, proposal ya kuomba tenda, maneno ya website, zile barua za kubembeleza mteja arudi. Wenyewe tunajiita freelance business writers. Kijijini kwetu naitwa yule kijana wa laptop.

Nilianza baada ya kontrakti yangu kuisha katika ofisi moja Embu mjini. Jamaa mmoja wa hardware, duka la vifaa vya ujenzi, aliniomba nimwandikie proposal ya kupeleka simiti kwa shule fulani. Akapata tenda, akanituma kwa rafiki yake, naye rafiki akanituma kwa mwingine.

(Wale mnaoanza, hapa mnisikilize. Hakuna aliyeniuliza cheti. Waliuliza tu, "Ile ya hardware ni wewe uliandika?")

Baadaye nikapata mteja wa ng'ambo, kampuni ya kuuza programu za uhasibu. Wakuu, huyo alinibeba. Nilimjengea mama jikoni, nikaweka tanki la maji. Nikakosa muda wa wateja wa huku, nikawaachia waandishi wengine.

Shida ni kwamba mama bado alikuwa anasimama kanisani akiomba niombewe nipate kazi.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, na hii jikoni ilijengwa na nini?"

"Hiyo ni pesa," akaniambia. "Mimi naombea kazi."

Nilicheka, lakini iliniuma.

Sasa tuje kwa Wawira. Ni mwalimu, kwao ni Kibugu, Embu, kule juu karibu na msitu, watu wa chai. Tulikuwa tumekubaliana, familia zimejuana, imebaki siku ya sisi kwenda kwao kuongea mambo ya mahari.

Wiki hiyo hiyo ya kwenda, mteja wa ng'ambo akatuma email fupi. Wamebadilisha mipango, hawahitaji mwandishi tena, asante kwa kazi nzuri. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Njaa ningeivumilia, wakuu. Kumkosa Wawira, hapana.

Nikamweleza baba mdogo, Murithi, kwa sababu yeye ndiye angekuwa msemaji wetu. Kwa desturi zetu, siku hiyo kijana haongei. Anaongelewa.

Baba mdogo akafikiria kidogo. "Tutasema uko kaunti, umeajiriwa na serikali. Nani ataenda kuuliza?"

Nilimpigia Wawira simu nikamwambia mpango huo.

"Ukimdanganya baba, huo uongo ni mimi nitaishi nao," akasema. "Mimi sitaki. Sema ukweli, na akikataa tutajua amekataa nini."

Rahisi kusema ukiwa Kibugu, nikawaza.

Jumamosi tukapanda Kibugu. Tukakaribishwa vizuri, uji, maombi, utani wa kawaida wa kwamba Wameru wamechelewa. Wazee walichanganya Kiembu, Kimeru na Kiswahili, lakini baba yake Wawira, mzee mpole asiye na haraka, alipouliza swali lake hakuna aliyekosa kusikia.

"Kijana wenu anafanya kazi gani?"

Baba mdogo akasafisha koo. "Ni mtu wa ofisi."

"Ofisi iko wapi?"

Baba mdogo akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Ile kaunti ikamkwama.

"Iko... iko kwa laptop," akasema.

Watu wakavunjika mbavu, hata wa upande wetu. Mzee hakucheka. "Wacheni ajibu mwenyewe."

Wazee wetu waliangaliana, maana jambo hilo halifanywi. Nikasimama, nikaanza na mambo ya content na brand, nikaona shangazi mmoja amefumba macho. Nikaacha.

"Baba, mtu anaweza kuwa na biashara nzuri na hajui kuieleza. Mimi huieleza kwa niaba yake, kwa maandishi, ili wanunuzi wamwamini."

"Hao wanunuzi unawajua?"

"Wengi sijawahi kuwaona."

"Hata mimi sijawahi kuona wanaokunywa chai yangu," akasema polepole. "Na majani yako yakikataliwa kwenye kituo cha kuuzia chai?"

Nilijua ni hapo. Wawira alikuwa amesimama kwa mlango, ameshika sinia, haendi mbele wala nyuma.

"Yamekataliwa wiki hii, baba. Mnunuzi wangu mkubwa ameniacha."

Nilimsikia mama yangu, tuliyekuja naye, akivuta pumzi. Hata yeye alikuwa hajui. Baba mdogo aliinamisha uso kabisa.

"Ukafanya nini?"

"Kesho yake nikaanza kuandikia biashara za huku kwetu kuomba kazi, moja moja. Za maziwa, za ndizi kule Mitunguu, za vifaranga hapo Embu."

"Kuna aliyejibu?"

"Bado."

Mzee akaweka kikombe chake cha uji chini.

"Mimi nimewahi kurudi hapa nyumbani na majani yangu mgongoni, yamekataliwa," akasema. "Asubuhi nikarudi kuchuma. Ningefanya nini? Sasa mtu akiniambia 'bado' mbele ya watu hawa wote, huyo hata kesho ataniambia ukweli."

Akageukia mlangoni. "Wawira, leteni chakula."

Wakuu, nililia. Nikasingizia moshi wa jikoni.

Siku kadhaa baadaye ile kampuni ya vifaranga ikajibu. Wanataka profile na barua za kupelekea wenye maduka ya chakula cha mifugo. Sijui kwa nini, lakini mtu wa kwanza niliyempigia ni yule mzee.

"Baba, mmoja amejibu."

Nikamsikia akimwita mke wake kwa sauti, simu ikiwa bado iko sikioni: "Mama Wawira! Kijana wetu amepata!"

Kijana wetu. Nilirudia hayo maneno peke yangu siku nzima.

Nilichojifunza: usimpe mteja mmoja maisha yako yote hata akilipa vizuri namna gani. Leo nina wa huku na wa nje, akienda mmoja naumia lakini sianguki. Na kama kazi yako ni kueleza biashara za watu, jifunze kueleza yako kwa mtu ambaye hana haja na kizungu chako.

Haya, semeni. Nyinyi mlioulizwa kazi yenu kwa wakwe, mlijibu nini? Hata waliosema wako kaunti, hapa hatucheki mtu. Wawira labda.