Nukta Iliyoondolewa Pichani

Mke wa rafiki yangu ndiye aliyenipigia simu. "Shemeji, nduguyo ametutoka," akasema, na kabla sijampa pole akaniambia maziko ni baada ya alasiri, Mtongwe. Nilikuwa Magongo, dukani, natafuta chaja. Nikaiacha chaja kaunta nikatoka nje, nikasimama pale penye vumbi la malori nisijue nishike njia gani. Wasomaji wangu wa siku zote mmezoea kunisikia nikiwasifu marehemu. Leo mnivumilie. Huyu nilimpenda, na huyu alinisaliti, na siwezi kulisema la kwanza nikaliacha la pili.

Tulifanya kazi pamoja Changamwe, katika kampuni ya kuhifadhi makontena, kabla sijaanza kuishi kwa kalamu. Mimi nilikuwa karani wa nyaraka. Yeye alilinda mtandao wa kompyuta zetu zote, pamoja na za matawi ya Likoni na Kisauni. Zilikuwa nyingi mno, mtu hawezi kukaa akasoma yote zinayoambizana, basi akazigeuza picha. Kila kompyuta ilikuwa nukta kwenye skrini yake kubwa. Mbili zikizungumza, mstari ulitokea baina yao, na mazungumzo yakizidi mstari ulinenepa. "Kompyuta zina mazoea kama watu," alipenda kuniambia. "Ukiyajua mazoea, aliyeyavunja utamwona tu." Asubuhi picha ilijaa, na Ijumaa mchana ilipwaya, maana nusu ya ofisi iko msikitini na nusu iko kwa mama wa viazi karai. Ijumaa moja tulikuwa tukivaa viatu twende kuswali, nukta moja ya Kisauni ikaanza kutoa mistari kila upande. "Mtizame huyu," akaniambia. "Mwenyewe yuko msikitini, na kompyuta yake yabisha hodi kila mlango. Wallahi huyu si mwenyeji." Akaikata mtandaoni, ndipo tukaenda, tukaikuta hotuba imekwisha. Ilikuwa ni virusi, na kama si picha ile vingeenea matawi yote kabla watu hawajarudi kazini.

Baadaye taarifa za mizigo ya wateja zikaanza kuvuja. Watu wa nje walijua kilichomo ndani ya kontena kabla mwenye mali hajapata habari kwamba limefika. Wakubwa wakaitisha picha. Nikaitwa, nikaonyeshwa nukta yangu na mstari mnene unaotoka kwayo kwenda nje ya kampuni. "Jieleze," meneja akaniambia. Nikamgeukia rafiki yangu, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye mambo hayo. Alikuwa ameinamia meza. Nikaachishwa kazi siku hiyo hiyo, na habari ikanitangulia nyumbani Kiembeni. Mama mkwe wangu alikuja kuniuliza kwa upole kama ni kweli mimi ni mwizi. Nilimjibu, lakini hata leo sijui kama aliniamini.

Maradhi yalipomtoa rafiki yangu kazini, nafasi yake alipewa msichana mmoja, naye ndiye aliyenitafuta. "Kaka, picha ile ilikuwa na kompyuta iliyoamriwa isionekane," akaniambia. Ilikuwa ya mzee wetu wa ofisi, tuliyemwita Ami sote, aliyetuingiza kazini mimi na marehemu. Taarifa zilianzia kwenye kompyuta ya Ami, zikapitishwa kwenye yangu, kisha zikatoka nje. Ami alipokuwa hayumo pichani, wizi ulionekana kuanzia kwangu. Kama Ami mwenyewe ndiye aliyezitoa, au ni mtu aliyepata neno lake la siri, hakuna aliyewahi kuuliza.

Nikamwendea rafiki yangu kwake Mtongwe. Hakukana. "Ami ndiye aliyenishika mkono," akasema. "Ntamchunguliaje? Ni sawa na kumpekulia chumba baba yangu. Nilimtoa tangu nilipoichora mara ya kwanza, kwa adabu tu."

"Na waliponionyesha mimi, mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ningemvua nguo mzee mbele za watu. Wewe wajiweza. Nilijua utasimama tena."

Nikamwomba aende kwa wakubwa aseme neno moja tu, kwa sababu la yule msichana halikutosha. Walitaka kulisikia kwake aliyeichora picha. Akasema inshallah. Kila nilipomkumbusha alisema inshallah, akaniagizia chai.

Siku hizi mabenki na mahospitali nayo yanalindwa kwa picha za namna hii, nami sizipingi. Jicho hugundua mstari mgeni upesi kuliko kusoma. Lakini aliyeichora ana ami yake, ana shemeji yake, ana mtu anayemwonea haya. Sisi watu wa pwani tumefunzwa tangu utotoni kutomkazia macho mkubwa, na rafiki yangu aliifunza kompyuta adabu hiyo hiyo. Anayeonyeshwa picha na akauliza imeonyesha nini, basi na aulize pia ni nani hakutiwa humo, na kwa heshima ya nani.

Baada ya swala ya maiti, nduguye alisimama akasema mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze au asamehe. Nikaangalia chini, kama marehemu alivyoiangalia meza siku ile. Kisha tukaulizwa twamshuhudiaje. "Ni mtu mwema," watu wakajibu, nami nikajibu pamoja nao, kwa kuwa wanawe walikuwa mbele yangu na macho yao mekundu. Nilipokuwa nikijikung'uta mchanga makaburini ndipo nilipoona kwamba nimefanya lile lile alilolifanya yeye: nimeondoa nukta moja kwa adabu. Leo nairudisha mahali pake. Wanawe watasoma, na huenda wasinisalimu tena. Baba yenu alikuwa mtu mwema, wanangu. Alijua kwamba sikuiba, na amekufa bila kulisema.