Nilivyotoroka kwa Beseni la Maji Machafu

Jamani, naona aibu hata kulisimulia, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Kilakala mmeshalisikia (tena mkaliongezea chumvi), bora mlipate kwangu mwenyewe, maana nimechoka kulikana.

Nilimwaga maji ya kufulia barabarani. Beseni moja tu, na bwana afya wa kata alikuwa anapita, akaniandikia karatasi nifike ofisini kwake keshokutwa. Niliisoma mara tatu. Nikaona "kosa", nikaona "sheria", kule chini nikaona "mahakama", na mimi ambaye sijawahi kukanyaga kituo cha polisi nikajiona tayari nimevalishwa nguo za gereza. Mume wangu, Baba Deo, anafanya kazi Turiani kwenye miwa. Ningempigia, lakini niliona haya, nikasema ngoja niondoke siku mbili tatu wanisahau. Nikazima simu, nikafunga nyumba (Deo yuko shule ya bweni), huyoo kijijini Mkuyuni kwa shangazi (mzee wa watu, simu hana), nikamwambia nimekuja kumsalimia.

Kumbe Baba Deo kanitafuta kwenye simu hanipati, majirani hawajui nilipo, kaacha kazi kaja Morogoro mbio, kaenda polisi kutoa taarifa kwamba mkewe kapotea na huenda yuko kwa ndugu huko Mkuyuni. Picha yangu ikatumwa kituo cha huko.

Siku ya gulio shangazi akanituma mboga. Nimeinama nachagua mchicha, nasikia, "Mama Deo!" Kugeuka, askari. Nikatimua mbio, jamani, na umri huu na magoti haya, nikapita katikati ya nyanya za bibi mmoja, mtu akapaza sauti "Mwizi!", na soko zima likanifuata. Nilianguka kifudifudi. Yule askari ndiye aliyenifunika kwa mwili wake wasinipige.

"Nakiri!" nikalia. "Nilimwaga mimi!"

"Umemwaga nini?"

"Maji ya nguo."

Akawaashiria watu warudi nyuma. "Mama, sisi hatukutafuti kwa kosa. Umepotea. Mumeo yuko kituoni hajala tangu jana."

Bibi wa nyanya akasimama juu yangu. Nikasema, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," bila kunitazama, akarudi kuokota nyanya zake.

Kituoni yule askari alinieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Maji machafu ni sheria ndogo za manispaa. Unakwenda, unaonywa au unalipa faini, unarudi kupika. Wizi, kumjeruhi mtu, hizo ndizo jinai za kukupeleka jela. Leo nusura watu wakuue kwa kosa ambalo bwana afya analimaliza kwa dakika kumi."

Na kweli, kesho yake bwana afya alilimaliza kwa onyo, akanikaribisha kiti. Nyanya tulizilipa.

Lakini lililoniuma si hilo. Siku ile tulipokuwa tunarudi Morogoro kwa basi, Baba Deo hakunigombeza. Alitazama nje ya dirisha, macho mekundu, akauliza, "Miaka kumi na minne, mke wangu, ukaona ukimbie peke yako?"

 Nimeapa: nikiitwa tena, liwe dogo, liwe kubwa, nitampigia yeye kwanza, kisha nitakwenda kwa miguu yangu, polepole, nikauliza nimeshtakiwa kwa kosa gani.