"Kata!" Kwenye Nikahi ya Dadangu

Kosa langu la mwanzo kabisa katika kazi hii ya filamu lilikuwa kuamini kwamba jambo lolote likiharibika linaweza kurudiwa. Sikufunzwa na mtu; nilijifundisha mwenyewe kwa simu ya mamangu, kwenye paa la nyumba yetu Kibokoni, nikimrekodi dadangu Rukia akianika nguo, nikimwambia rudia, rudia tena, mpaka nguo zikamkaukia mikononi. Nilipoingia chuo kikuu kusomea utayarishaji wa filamu, wenzangu walinibandika jina la Bwana Tena kabla hata muhula haujakwisha. Mimi nililichukua kama sifa. Naona haya kusimulia yaliyofuata, lakini nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hutakiwa kutoa filamu fupi ya maisha halisi, nami nikachagua nikahi ya Rukia. Sasa elewa jambo moja. Babetu alikwisha kufariki, babu pia, na mimi ndiye ndugu wa kiume wa pekee, kwa hiyo walii wa Rukia nilikuwa mimi. Ni mimi niliyepaswa kuketi mbele ya bwana harusi, kumshika mkono, na kutamka kwamba nimemwoza dadangu. Lakini nikiketi pale, nani atashika kamera? Mwenzangu wa darasani, Wambua, alijitolea (na kusema kweli mkono wake umetulia kuliko wangu), nikamkatalia kwa sababu sikuwa na imani kwamba angepata picha kama ninavyoiona mimi kichwani. Nikaamua kumpa shekhe wa msikiti uwakala, aozeshe kwa niaba yangu. Ni jambo la halali, walii wengi hulifanya, tena ni maneno machache tu.

Mamangu alinitazama akasema, "Babako angekuwa hai, angeketi pale mwenyewe."

"Mama, nitakuwa karibu kuliko wote. Nitakuwa na kamera!"

Aliendelea kukunja kanzu yangu.

Kuna mtu mwingine unapaswa kumjua, naye ni Mzee Athmani, baba wa bwana harusi. Alikuwa ametaka mwanawe Hamadi aoe binamu yake, na alikubali posa yetu baada ya kuombwa na kuombwa. Siku ya nikahi alikuja msikitini na uso wa mtu anayetafuta kisingizio cha kurudi kwake, na Rukia alilijua hilo; wiki nzima hakulala vizuri.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Maikrofoni ya msikiti iliwekwa chini mbele ya shekhe, ili wanawake waliokusanyika nyumbani kwetu, ng'ambo ya kichochoro, wasikie kwenye spika. Mimi nilipiga magoti ubavuni mwa maikrofoni hiyo hiyo, hedifoni kubwa masikioni, na (hili ndilo linalonitia uchungu) nilikuwa na furaha kupita kiasi, maana mwanga wa dirishani ulimwangukia Hamadi sawasawa na shekhe alikuwa akisema polepole kama mtu niliyempa maelekezo. Shekhe akasema, "Nimekuozesha Rukia binti Salimu, kwa uwakala wa nduguye, kwa mahari mliyoagana." Hamadi akavuta pumzi. "Nimekubali ku..." na pale pale pikipiki ikapita kichochoroni ikipiga honi ndefu, ikanijaa masikioni yote mawili, sauti yangu nzuri yote ikaharibika, na mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Kataaa!"

Ni neno "kata", la kusimamisha kamera, nami nililivuta kama tunavyolivuta kila siku tunapofanya mazoezi chuoni. Nikaongeza, "Tena, kutoka mwanzo!" lakini hilo la pili sidhani mtu alilisikia. Hamadi alinyamaza kinywa kikiwa wazi. Kutoka nyumbani kwetu vigelegele vilikuwa vimeanza, sauti moja, mbili, kisha vikakatika.

Mzee Athmani aligeuka taratibu. "Amemwambia nini mwanangu?"

"Amesema akatae," mtu akajibu nyuma.

"Akatae? Walii mwenyewe?"

"Si kukataa, mzee!" nikasema. "Kata. Ya picha. Kata!"

"Wamsikia? Arudia, ati!" Mzee Athmani alikwisha kuinuka, anajifunga kikoi vizuri kiunoni kama mtu mwenye safari. "Hamadi, twende. Walii hataki, nasi hatujaja kuomba sadaka."

Nilijaribu kusimama, waya wa hedifoni ukanivuta nikapiga goti tena (kijana mmoja alicheka, akafinywa na babake). Nilimtazama shekhe aniokoe. Shekhe hakuwa na hasira, na nadhani ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alisema, "Vua hayo ya masikioni kwanza. Haya. Wewe ndiwe uliyenipa uwakala. Ukipaza sauti wakati bwana harusi anajibu, mimi sijui tena nasimama kwa nani. Dadako wataka kumwoza au hutaki?"

"Nataka, shekhe."

"Basi keti, umwoze mwenyewe. Uwakala wako nimekurudishia."

Mzee Athmani alikuwa amefika mlangoni. Hamadi hakuinuka. Ni mtu mpole, afanya kazi ghalani Shimanzi, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, wala siku ile hakuipandisha. "Baba," akasema, "rudi uketi. Mimi sijakataa." Mzee alisimama kitambo akitazama viatu vya watu, kisha akarudi, lakini aliketi mbali na mahali pake.

Niliiweka kamera chini kwenye mkeka na kumshika Hamadi mkono. Shekhe alinitamkisha neno kwa neno kama mtoto wa madrasa, nami jina la dadangu, nililoliita tangu nianze kusema, lilinitoka vipande viwili. Hamadi akajibu, "Nimekubali," wazi na kwa mkupuo mmoja, na kabla sijaweza hata kufikiri kwamba nilipaswa kulisema vizuri zaidi, shekhe alikuwa ameinua mikono kuomba dua. Imekwisha. Dadangu ameolewa kwa sauti yangu mbovu.

Nilipoingia nyumbani wanawake walinipisha njia. Shangazi peke yake ndiye aliyeguna, "Bwana Filamu kaja." Rukia alikuwa ameketi chumbani, wanja umemtiririka hadi mashavuni, na mwanamke mmoja alikuwa akimpangusa ili ampake upya. Nilianza kueleza habari za pikipiki, na sauti, na neno lenyewe lilivyo.

"Nimekwisha kuambiwa," akasema. "Lakini kabla sijaambiwa, mimi nilisikia 'kataa', na nilisikia ni wewe. Ningesikia ni babake Hamadi nisingeshangaa. Nilijiuliza, ndugu yangu amejua nini juu yangu?"

Nikamwambia nisamehe. Akasema amenisamehe, na ninaamini, lakini hakunitazama alipokuwa akilisema hilo.

Filamu ile sikuiwasilisha. Wambua aliniambia zile sekunde za vigelegele kukatika ni kitu ambacho hakuna mwanafunzi mwingine angekipata, na huenda ni kweli, lakini nilimpelekea Rukia faili lote aamue mwenyewe, naye akalifuta. Nilitengeneza nyingine, juu ya mafundi wa milango, nikapata alama za wastani.

Siku hizi ninaporekodi shughuli ya watu, sisemi neno lolote kamera ikiwa inafanya kazi. Nikitaka kusimamisha, nabonyeza kitufe tu. Kelele zikiingia, zinaingia. Na kukiwa na shughuli ya nyumbani kwetu, kamera namwachia Wambua, nami naketi na jamaa zangu.