B ya Baba

Mimi ni fundi wa nguo, mambo ya kompyuta siyajui, lakini kuna mstari mmoja wa buluu ambao nilitamani kuuchapa viboko. Ulikuwa kwenye kompyuta ya Nelvine. Unaanza kushoto, unatambaa, unafika karibu na mwisho, halafu unasimama kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Yawa! Na sisi tunaukodolea macho tu.

Nelvine ni msichana wa hapa hapa Roret, binti ya Mzee Isaiah na Mama Rebeccah. Tunagawana chumba kimoja sokoni: upande wangu cherehani, upande wake meza ya kutengeneza simu. Alisomea kompyuta Nakuru, akatafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha, akarudi nyumbani. Watu wa soko walimcheka, ati digrii imekuja kubadilisha vioo vya simu. Akawabadilishia hivyo vioo, akanyamaza. Huyo ndiye Nelvine, hana maneno mengi.

Maneno yote alichukua baba yake. Mzee Isaiah akishapeleka majani yake kituo cha chai, lazima apitie kwetu anitegee kitendawili. Nikishindwa, anacheka mpaka anakohoa. Baadaye kicheko kikapungua, kikohozi kikabaki. Daktari akasema ni mapafu, na kwamba ugonjwa umeshaenda mbali.

Hapo ndipo Nelvine alianza kumrekodi. Vitendawili vyote, kwa Kipsigis, kwa sauti yake mwenyewe. Akatengeneza app: mtoto anagusa picha, mzee anauliza, ananyamaza kidogo akingoja mtoto ajibu, kisha anatoa jibu. Ilikuwa ya wajukuu walioko Nairobi, ambao kwa Kipsigis wanajua salamu tu. Lakini mzee akaipenda kupita wajukuu wenyewe. Akamwambia binti yake, "Mama, nataka nijitafute mwenyewe kwa hilo tuka la simu, kama vile watu wanatafuta vitu. Nijisikie. Baada ya hapo Munku akiniita, nitaenda."

Jina walilipigania hapo mbele yangu. Nelvine alitaka Boiyot, yaani mzee.

"Andika Poiyot," mzee akasema. "P ya papa."

"Baba, ni B. B ya baba."

"Si ndio nimesema? Papa!"

Tulicheka mpaka nikaangusha pini. Wazee wengi wa Kipsigis, B na P kwao ni ndugu wa tumbo moja, vile vile D na T, G na K. Mimi mwenyewe Mjaluo nikisema "samba" najua nimesema shamba, kwa hivyo sina haki ya kumcheka mtu. Nelvine akaandika kwa B, vile vitabu vinaandika.

Kisha mzee akazidiwa, akalazwa hospitali ya Longisa, na ule mstari wa kupakia app kwenye duka la simu ukaanza shida zake.

Nelvine alidhani ni mtandao. Akanunua bando la kampuni nyingine. Mstari ukafika pale pale, ukalala. Akabeba kompyuta mpaka kanisani juu ya mlima ambako mtandao una nguvu, akarudi amelowa mvua, bure. Akazuia kompyuta isizime kioo. Bure. Akampigia Ogada, kijana waliyesoma naye, naye akasema, "Mafaili yako ni mazito. Kata hapo mzee ananyamaza."

"Hapo siwezi kukata," Nelvine akasema. "Hapo ndipo anangoja."

Haki nilimpenda siku hiyo. Badala ya kukata, aliketi akazifanya sauti ziwe nyepesi, moja moja, bila kuondoa hata pumzi. Mstari ukakwama tena! Nikatukana kwa Kijaluo, nikamwambia aitupe kompyuta kwa shimo la choo. Mwishowe Ogada akagundua kumbe ile app ya kwanza iliyokwama bado ilikuwa imeshika mlango kule dukani, inazuia zingine. Ilitakiwa kufutwa kabisa, kisha app ipewe namba mpya kama toleo lingine. Nelvine akafuta, akabadilisha namba, akapakia. Mstari ukatambaa, ukafika mwisho, ukaisha. Nilipiga kigelegele, mteja wangu akadhani nimejichoma na pasi.

Wenye duka wakakaa nayo wakiikagua. Siku walipoikubali, barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, hakuna gari linaloshuka. Nelvine akampigia baba yake.

"Baba, iko! Nikutumie linki?"

"Wacha. Nitatafuta mwenyewe."

Tukangoja. Nguo ya mteja ikakaa chini ya sindano bila kushonwa. Baadaye sana simu ikalia, na sauti ya mzee ilikuwa imechoka lakini ina furaha.

"Nimeona, mama. Nimesikia sauti yanku yote. Umefanya kazi. Asante."

Nelvine akaweka simu chini akalia kwa raha. Alfajiri, Mama Rebeccah akapiga kusema mzee ametuacha.

Kwenye mazishi, msichana huyu asiye na maneno alisimama mbele ya watu akasema, "Baba yangu alijisikia kabla ya kwenda." Watu wakasema amina. Alishikilia hilo neno moja. Ndilo lilikuwa linamwamsha asubuhi, linamleta kazini.

Halafu mama yake akampa simu ya mzee aisafishe. Nilikuwa nakata kitambaa nikaona ametulia vibaya. Nikaenda. App haikuwa kwa simu. Nelvine alikuwa amefungua duka, mahali pa kutafutia, na maneno ya mzee yalikuwa bado yamejipanga pale:

poiyot
poiyot vitentawili
poiyot ya msichana yanku

Mungu wangu. Mzee hakuona kitu. Hakusikia kitu. Alitafuta kwa P na hivyo vidole vyake vya kuchuna chai, akakosa, akafikiri mtoto ameshindwa na anaficha, akaamua kumdanganya asiumie. Nilimshika Nelvine nikalia kwa sauti, soko lote likasikia. Yeye hakulia. Alivuta kompyuta, akafuta ile B kila mahali ilipokuwa, akaweka P, akapakia upya.

Mstari haukukwama hata kidogo. Ulienda mara moja mpaka mwisho, mjinga ule.

Duka lilipoikubali, Nelvine alichukua simu ya baba yake akaandika kwa P. Ikatokea.

"Baba," akasema, "ndio hii."