Njia Ambayo Kiponda Hakuipita

Ukiuliza pale Mjambere ni nani anayezijua barabara za kutokea Mombasa, utaonyeshwa nyumba ya Kiponda kabla hujamaliza kuuliza. Si kwamba alizisomea. Ujana wake aliumalizia juu ya baiskeli nzito ya chuma, akibeba tembo la mnazi kutoka Kaloleni hadi Kisauni, mitungi miwili huku na miwili huku. Mtu aliyeteremka vilima vya Ribe na mzigo ule, na breki za kubahatisha, haisahau kona hata moja. Kwa hiyo wageni wa baiskeli za matairi membamba walipoanza kuja kisiwani kupumzika, na kuulizia barabara zenye mandhari ya kupendeza, hoteli moja ya Shanzu ilimtafuta Kiponda, akawa ndiye mpangaji wa safari zao.

Na alizipanga kwelikweli. Alijua saa ya kuivuka Changamwe kabla malori ya makontena hayajaamka. Alijua ni wapi jua litampiga mtu usoni na ni wapi minazi itampa kivuli, nani ana madafu na choo safi, na kilima gani ukifika juu ukageuka unauona mkono wa bahari ulivyoingia katikati ya mikoko, ukasahau kuwa miguu inawaka moto. Sharti lake lilikuwa moja tu. Siku moja kabla ya wageni kuipita njia, yeye huipita kwanza, peke yake, mwanzo hadi mwisho.

"Njia haipangwi kwa simu," alikuwa akimwambia bintiye Judy. "Hupangwa kwa makalio."

Kisha nyonga ikamkataa. Ilianza baada ya Pasaka, maumivu ya kuja na kuondoka, halafu yakaja yakakaa. Kupanda baiskeli ikawa ni kuuma meno, na kilima kidogo tu kikamtoa machozi. Hakumwambia mtu. Hoteli aliiambia kuwa wageni wa siku hizi wana mbio, afadhali Judy ndiye awaongoze, naye abaki kwenye kupanga. Judy alifurahi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mapafu ya farasi, na aliamini kila njia aliyopewa na babake kama anavyoamini kuwa kesho kutakucha.

Mwezi wa sita akaja Nyambura, mwanamke wa Nairobi mwenye sauti ya kuamrisha na miguu ya chuma, pamoja na wenzake watano. Walikuwa wamepanga nyumba kisiwani kwa wiki moja.

"Mzee, sisi hatutaki kuzungushwa zungushwa ufuoni," alimwambia. "Tupatie mlima mmoja wa nguvu, tuone bahari tukiwa juu, halafu tushuke kama risasi."

Kiponda hakuhitaji kufikiri. Mazeras, Rabai, Ribe, kisha ile barabara ndogo ya lami inayoporomoka kutoka kwa wakwe zake hadi mtoni. Kwa uzuri, haikuwa na mwenzake. Aliichora kwenye daftari usiku huohuo, na mkono wake haukusita popote.

Kesho yake aliondoka nyumbani alfajiri na baiskeli, kama ilivyo ada. Judy alimfungulia lango. Alipokata kona akashuka, akaisukuma baiskeli hadi Kiembeni, akaingia kwenye kibanda cha kinyozi cha rafiki yake Phineas, akaketi. Alikaa huko mpaka alasiri. Angeweza kukodi pikipiki akaikagua njia akiwa amekaa nyuma, lakini vijana wa pikipiki wote wanamjua, na habari kwamba Kiponda wa baiskeli amebebwa mgongoni ingefika Shanzu kabla yake. Alikuwa radhi afe kuliko kuonekana. Aibu ya mwanamume inaweza kuwa kitu cha kijinga sana, na hii ilikuwa hivyo.

Kwenye saa saba akapata wazo la kumpigia shemeji yake Munga, kaka wa mkewe, ambaye anaishi pale pale juu ya mteremko.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Habari za Mombasa?"

"Njema. Za huko?"

"Njema."

"Za barabara?"

"Njema."

Sasa, mtu wa kwetu akikuambia njema, bado hajakuambia kitu. Hata kama ana msiba ndani atasema njema kwanza, kwa adabu, ndipo mwendelee na watoto, na mvua, na minazi, na mwishoni kabisa atavuta pumzi aseme, ila sasa. Habari yenyewe hukaa baada ya hiyo ila. Kiponda analijua hilo tangu utotoni. Lakini simu ya Nyambura ilikuwa imeingia, inalia juu ya ile ya Munga, na Kiponda akamkata shemeji yake katikati ya salamu ili ampokee mgeni.

"Nimetoka huko sasa hivi," alimwambia Nyambura. Phineas alikuwa akimtazama kwenye kioo. "Njia haina neno."

Jioni alimwambia Judy maneno hayo hayo. Kabla ya kuingia ndani alikuwa amejipaka vumbi kwenye suruali. Hakumpigia Munga tena, na Munga naye hakumpigia, kwa sababu shemeji hakatiwi simu, na Munga alikuwa amenuna.

Akanuna mpaka saa moja na robo asubuhi iliyofuata. Judy na wageni walikuwa wameshaondoka kisiwani tangu kumi na moja na nusu.

"Jana ulinikata kama mtoto," alisema Munga. "Hukunipa nafasi nikueleze. Mvua ya juzi imebeba lile kalvati la chini, la kupitishia maji, pale baada ya kona. Barabara imekatika, ni shimo la kumeza gari. Tulitia matawi kuwazuia watu, mbuzi wameyala."

Kiponda alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini polepole sana.

"Munga, uko nyumbani?"

"Niko hospitali Kaloleni, kwenye foleni. Kwani nini?"

Alimpigia Judy. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Judy hapokei simu akiwa juu ya baiskeli, na aliyemfundisha hivyo ni yeye. Alimpigia Nyambura, ikawa vilevile. Alimpigia mkewe Kafedha, lakini Kafedha alikuwa kazini Shanzu, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini. Akapiga hesabu ya mwendo. Kwa mbio za watu wale walikuwa wameshaipita Rabai. Walikuwa na dakika kumi, labda kumi na tano, na Judy ndiye aliyetangulia, kwa kuwa anayeijua njia ndiye hutangulia. Kona ile haikuonyeshi kilichoko chini mpaka umeshaikata.

Akabaki mtu mmoja tu. Bi Nyevu, mama mkwe wake, anayeishi pamoja na Munga.

Katika miaka ishirini na minne ya ndoa Kiponda hakuwahi kumpigia simu mama huyo. Hakuwahi kuketi naye kwenye mkeka mmoja. Akikutana naye njiani hupisha, huinamisha macho, na akiwa na la kumwambia humtuma Kafedha. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na mama mkwe naye alilelewa hivyo. Alimpigia Munga tena akapewa namba yake, akaibonyeza.

"Nani?" ilisema sauti ya kizee.

"Ni Kiponda, mama."

Kisha, kwa haya, "Mkwe wangu, hamjambo huko? Watoto—"

"Mama, toka nje," alipaza sauti. Alijisikia akimpazia sauti mama mkwe, na mwili mzima ulimsisimka. "Toka sasa hivi, nenda barabarani. Judy anakuja kwa baiskeli, na wenzake. Wasimamishe. Wasifike kwenye kona."

Bi Nyevu hakuuliza. Simu ilibaki wazi. Kiponda alisikia mlango, kuku wakikimbia, kisha ndara zikiburuzwa kwenye mchanga, polepole mno. Mama ana miaka sabini na kitu. Alitamani kumwambia akimbie, akajizuia. Alikuwa amesimama katikati ya ua wake Mjambere, nyonga ikimchoma, analia bila kujificha, na jirani aliyekuwa akianika nguo aliziacha ndooni akaja kusimama karibu naye.

"Nimefika," ilisema sauti. "Simwoni mtu."

"Simama katikati, mama."

"Katikati ya barabara?"

"Katikati kabisa. Nyoosha mikono."

Pumzi zake zilisikika simuni, nzito, za mtu aliyetembea haraka kuliko kawaida yake. Halafu akasema, "Nasikia mlio kama wa nyuki."

Kiponda aliujua mlio huo. Ni magurudumu mepesi yakiteremka bila kukanyagwa. Alifumba macho. Mlio ukakua mpaka na yeye akausikia, mtu akapiga ukelele, vyuma vikagongana na lami, na simu ikaanguka.

"Mama," alisema. "Mama. Judy." Aliyarudia majina hayo mawili sijui mara ngapi. Kule upande wa pili watu walikuwa wakiongea wote pamoja na yeye hakulipata hata neno. Jirani alimshika kiwiko.

Kisha simu ikaokotwa.

"Baba."

Akaketi chini pale pale. "Umeumia?"

"Mkono umechunika. Nyanya hajambo, nilimkwepa nikaanguka. Wengine wamesimama." Alikuwa akitembea, pumzi zilisikika. Kisha akasimama. "Niko pembeni ya shimo, baba. Lami imeisha. Huko chini ni mawe matupu."

"Najua, mwanangu."

"Unajua?" Sauti yake haikupanda. "Jana uliniambia umepita hapa."

Angeweza kusema kalvati limebebwa usiku. Maneno yalifika mpaka mdomoni. "Sikupita," alisema. "Nilikaa kwa Phineas mchana kutwa. Nyonga hainibebi tangu Pasaka, Judy. Sikutaka mjue."

Nyuma ya Judy, Nyambura alisikika, sauti ile ya kuamrisha imepungua: "Ni mzee huyo? Muulize basi tunatokea wapi sasa."

"Nitamuuliza nyanya," alisema Judy.

Kutoka mahali pale kulikuwa na njia tatu za kutokea. Kiponda alizijua zote, na kila mti uliozisimamia. Alianza kumwelekeza binti yake, akianza na ile inayopita nyuma ya kanisa, akaja ya pili, akafika mpaka katikati ya ile ya tatu. Ndipo jirani alipomgusa bega na kumwambia, kwa upole, kwamba simu imeshakatwa.