Tapentaini Iliyoshiba

Kwa bibi kulikuwa na ng'ombe ambaye akishiba maji, hata umchape hanywi. Nilimkumbuka juzi mjukuu wangu alipokoroga chai, sukari ikabaki chini.

Nilikuwa msichana mdogo, nimempelekea baba bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kiwanda cha rangi ya viatu. Alikuwa akipima nta itayeyuka vijiko vingapi kwenye tapentaini, yale mafuta makali ya kulainishia rangi. Harufu yake ilinitoa machozi. Kijiko cha sita kilibaki chini.

"Imeshiba, bwana," alimwambia mnyapara.

Mimi nikadhani tapentaini ina tumbo.

"Ofisi inataka saba. Andika saba, ama uende nyumbani!"

"Basi ofisi ije ivimeze hivyo viwili yenyewe."

Akina mama wa kufunga mikebe waliangua kicheko. Baba aliweka kijiko mezani, akanishika mkono, tukatoka. Hakurudi tena, hata bakuli letu kulichukua.